Nataka masta ya Homeland Security hapa Marekani: nianze na chuo au nianze na makaratasi?

Mlinzi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Nipo Columbus, Ohio. Digrii ya kwanza niliichukulia nyumbani, sosholojia, na huku nikaangukia kwenye ulinzi. Sasa hivi ni msimamizi wa zamu ya usiku kwenye hospitali moja kubwa. Ni boksi kama maboksi mengine, ila hili lina sare na redio ya upepo. Green card ninayo, uraia bado. Nimebakiza mwaka na ushee nitimize miaka mitano niruhusiwe kuomba.

Humu hospitalini kuna ofisi ndogo ya watu wawili ambao kazi yao ni kuhakikisha kimbunga kikipita, umeme ukikatika au mtu akiingia na bunduki, wagonjwa hawapotezi maisha kwa sababu ya vurugu zetu wenyewe. Nimeshiriki mazoezi yao ya dharura na kazi ile imenikaa moyoni. Nikatafuta mtandaoni watu wa namna hii wanasoma nini, nikakutana na Homeland Security, yaani usalama wa ndani wa nchi. Tangu niache namba yangu kwenye tovuti moja, watu wa udahili wananipigia mchana kutwa, saa ambazo mtu wa usiku ndiyo nimelala.

Nina njia tatu. Ya kwanza ni masta ya Homeland Security ya chuo kikuu cha umma chenye jina, yote mtandaoni, krediti moja inazidi dola 1,000. Ya pili ni jina hilohilo la digrii kutoka chuo cha kibiashara, bei chini ya nusu, naanza mwezi ujao bila mtihani wala barua za wadhamini. Ya tatu ni MPA, masta ya utawala wa umma, masomo ya jioni kwenye chuo cha serikali hapa jimboni, yenye masomo machache ya menejimenti ya maafa. Lengo ni serikali kuu, ikiwezekana FEMA, lile shirika lao la maafa.

Jina la digrii lina uzito kiasi gani? Na nianze sasa au nisubiri uraia?

Naomba kuwasilisha.

Chui wa Kariakoo

Yaani unakwenda kusomea namna ya kuja kutugongea mlango alfajiri? Haya bwana. Nimekaa siti ya dirishani, uzi uendelee.

Shangazi Kaunti

Chui, utani wako naujua unakotoka na kwa hali ilivyo sasa wengi hawacheki. Ila tuweke jambo sawa. Wizara yenyewe, DHS, iliundwa kwa sheria iliyosainiwa Novemba 2002 na ikaanza kazi tarehe 1 Machi 2003 kwa kukusanya taasisi 22 zilizokuwa zimetawanyika. Wamo ICE wanaokamata wahamiaji na CBP wa mipakani, ndio hao unaowasema. Wamo pia FEMA, walinzi wa pwani, TSA wa ukaguzi wa viwanja vya ndege waliokuwa wakituvua viatu mpaka 2025, Secret Service wanaomlinda rais, na USCIS ambako huyu mdogo wetu atapeleka fomu yake ya uraia. Mtu akisema anasomea Homeland Security bado hajasema anataka kufanya kazi gani, na hapo ndipo ningeanzia.

Mlinzi, mwanangu, mimi niko ofisi ya menejimenti ya maafa ya kaunti moja huku kusini na hukaa kwenye meza ya usaili. Nitakwambia ninachokiangalia.

Jina la digrii nalisoma mara moja tu. Fani ni changa. Baada ya Septemba 2001 pesa ya serikali ilimwagika na vyuo vikaanzisha kozi mbiombio, mitaala ikajaa ugaidi kutoka juu hadi chini. Agosti 2005 Katrina ikaizamisha New Orleans, na mwaka uliofuata Bunge likaifumua FEMA na kuipanga upya kwa sheria. Vyuo vyenye akili vikageuka: mafuriko, magonjwa ya mlipuko, gridi ya umeme, mashambulizi ya mtandaoni. Vingine havikugeuka, vinafundisha hofu za 2003 mpaka leo. Kwa hiyo fungua orodha ya masomo, usome maelezo ya kila somo kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Ukikuta sheria ya Stafford ya 1988, ambayo ndiyo inampa rais mamlaka ya kutangaza maafa na kufungua pesa, ukikuta bajeti na ruzuku, upangaji wa hatari kwa takwimu na ramani, afya ya jamii, uandishi wa mpango wa dharura kuanzia ukurasa mtupu, hapo kuna ufundi. Ukikuta utangulizi wa ugaidi, ugaidi wa kimataifa, saikolojia ya ugaidi na ugaidi na vyombo vya habari, hiyo ni digrii ya kukuwezesha kutazama taarifa ya habari kwa kujiamini.

Vyuo havifanani hata kidogo. Penn State, kwa mfano, ndani ya masta yao ya mtandaoni unachagua tawi: afya ya umma, ujasusi wa ramani, mpaka usalama wa chakula na mifugo. Virginia Commonwealth kule Richmond wameunganisha usalama wa ndani na maandalizi ya dharura kwenye digrii moja, Arizona State nao vivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Albany, New York, mwaka 2015 kilianzisha kitivo kizima cha mambo haya pamoja na usalama wa mtandao. Sikupigii debe chuo chochote hapo. Nataka uone kwamba jina ni moja na ndani ni digrii tofauti kabisa.

Ithibati. Ingia kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani au ya CHEA, baraza la ithibati ya vyuo, uone chuo kimepewa ithibati na nani. Msidharau chuo kwa kuwa ni cha biashara. Vipo vyenye ithibati halali na vimejaa wanajeshi na polisi wanaosoma usiku kama wewe. Ila waulize hivi, kwa maandishi: krediti zenu zinahamishika kwenda chuo kikuu cha umma cha jimbo langu? Kisha piga simu hicho chuo cha umma uulize hilohilo. Majibu yasipolingana umeshapata jibu. MPA ina faida moja hapa, kuna NASPAA inayokagua programu hizo. Digrii za Homeland Security hazina mkaguzi wake wa namna hiyo anayetambulika kila mahali, kwa hiyo ukaguzi unaufanya wewe.

Na usianze bila kutathminisha digrii yako ya nyumbani na kampuni iliyo kwenye kundi la NACES. Vyuo wataitaka, na serikali kuu nao wataitaka ukiombea kazi kwa elimu.

Nimeandika sana, narudi baadaye kuhusu masta moja ya Monterey, California.

Sajini wa Kisauni

Shangazi kasema ya chuo. Mimi nasema ya makaratasi kwa sababu naona ndugu yangu ataingia gharama akitazama upande mmoja.

Kwanza, kazi za kawaida za serikali kuu ni za raia. Kuna amri ya rais ya mwaka 1976 inayofunga mlango huo, na green card haiufungui isipokuwa kwa nadra sana. Ukimaliza masta kesho na uraia hujapata, tangazo la FEMA utalisoma tu. Hilo halitegemei ukali wa chuo chako.

Pili, kuna upekuzi. Kazi nyingi za huku, hata za kukaa mezani na kompyuta, zinataka kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali. Kibali huendi kukiomba mwenyewe wala chuo hakikupi; anakudhamini mwajiri baada ya kukupa kazi. Mtu wa udahili akikwambia digrii yao "inakuandaa kwa kibali", mwache amalize kuongea, kisha endelea na usingizi wako.

Mimi niliingia jeshini kwa MAVNI, ule mpango ulioanza 2009 wa kuchukua wageni wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwamo, mpaka ukafungwa 2016. Uraia niliupatia huko. Fomu ya upekuzi inaitwa SF-86 na inapita kurasa 100. Inauliza ulikoishi na ulikofanya kazi miaka kumi nyuma, safari za nje, ndugu walio nje, marafiki wageni mnaowasiliana kwa karibu, mali uliyo nayo nje ya Marekani, akaunti za benki za nje, madeni. Mtu aliyezaliwa Ohio sehemu hizo anaziruka. Mswahili unazijaza mpaka kalamu inakauka.

Kwa askari mwenzangu anayepita hapa: GI Bill ya baada ya 9/11, ule ufadhili wa masomo wa wanajeshi, inakupa miezi 36 ya masomo, masta ikiwamo. Lakini ukisoma mtandaoni peke yake, posho ya nyumba inakokotolewa kwa nusu ya wastani wa taifa. Ukichukua hata somo moja la darasani, wanatumia kiwango cha eneo la chuo. Kwa mtu wa mji wenye kodi kubwa, tofauti hiyo ni pesa ya maana.

Mlinzi wa Zamu

Sajini, umenishtua. Nina kiwanja Kibaha kwa jina langu. Nipo kwenye chama cha watu wa kwetu, tunachangiana, na kwa mwaka mmoja nilikuwa mweka hazina. Kaka yangu ni polisi Dodoma. Mama namtumia pesa kila mwezi. Ina maana nimeshakwama kabla ya kuanza?

Sajini wa Kisauni

Hujakwama. Wanaokwama ni wanaoficha.

Vigezo vya kuamua viko wazi, vimetangazwa hadharani tangu 2017 na mtu yeyote anaweza kuvisoma. Kuwa na ndugu nje si kosa. Wanapima kama kuna mtu anaweza kukushika mahali kupitia hao ndugu au hiyo mali. Kiwanja cha Kibaha ukilinganisha na maisha yako ya hapa ni kitu kidogo, kiandike: thamani, mwaka wa kununua, nani anakiangalia. Kaka polisi ni mtumishi wa serikali ya nje, huyo ndiye watakayemuuliza zaidi, kwa hiyo jina lake, cheo chake na mnaongea mara ngapi viwe sawasawa. Pesa ya mama, andika. Fomu inauliza waziwazi kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia. Chama, tunza daftari. Mweka hazina ambaye pesa za watu kumi na tano zimepita kwenye akaunti yake binafsi lazima aweze kuonyesha ziliingia kwa nani na zikatoka kwenda kwa nani.

Kuanzia leo fungua kitabu uandike kila safari ya nyumbani na kila anwani uliyowahi kulala zaidi ya wiki chache. Kazi hiyo haina ada.

Jambo linaloangusha watu kuliko undugu ni madeni. Kadi za mkopo zilizochelewa, kodi ambazo hukujaza, mkopo wa gari uliotelekezwa. Sasa piga picha mtu amechukua mkopo mzito wa masta ili apate kazi, halafu mkopo huohuo umemshinda kulipa, na ndio unaomkwamisha kwenye upekuzi wa kazi hiyo.

Binti wa Iringa, Boston

Samahani kuingilia. Sisi Watanzania tuna jambo la ziada. Mkenya kwa katiba ya 2010 anaweza kubaki na vyote viwili. Mtanzania ukiapa uraia wa huku, wa nyumbani unaondoka. Na kiwanja cha Kibaha nacho kitahitaji ushauri wa mwanasheria wa ardhi kabla ya kuapa, maana asiye raia hamiliki ardhi kwa utaratibu uleule. Mlinzi, liweke hili kwenye hesabu, si la kustukizwa nalo siku ya kiapo.

Mlinzi wa Zamu

Dada asante, hilo nilikuwa nalisukuma mbele makusudi.

Mchumi wa Boksi

Tupige hesabu mtu asije akaambiwa "wekeza kwenye elimu" akabaki anatabasamu. Masta nyingi za huku ni krediti 33 mpaka 36. Krediti 36 kwa dola 1,000 ni dola 36,000 bila vitabu wala tozo. Kwa dola 450 ni 16,200. Sasa unapata nini serikalini? Kwenye ngazi zao za mishahara ziitwazo GS, digrii ya kwanza peke yake inakufikisha GS-5. Ukiwa na ufaulu mzuri, GPA ya 3.0 kwenda juu, GS-7. Masta inakufikisha GS-9, iwapo inahusiana na kazi. Lakini uzoefu nao unahesabika: mwaka mmoja wa kazi inayofanana, ya kiwango cha chini yake, unakupandisha vilevile. Msimamizi wa ulinzi wa hospitali ana uzoefu ambao kijana wa miaka 23 mwenye masta hana. Uandike vizuri kwenye wasifu wako.

Na kama mawazo yako ni kuvaa sare ya CBP au ICE, masta ni mapambo. Wanataka uraia, afya, upekuzi, na kwa CBP kipimo cha kugundua uongo kwa mujibu wa sheria ya 2010. Hakuna sababu ya kukopa kwa hilo.

Mkopo wenyewe umebadilika. Wakopaji wapya wa masta kuanzia tarehe 1 Julai 2026 hawana tena ule mkopo wa ziada wa serikali uitwao Grad PLUS. Unabaki na mkopo wa kawaida wa serikali, ukomo dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Chuo kikizidi hapo watakuelekeza kwenye mikopo ya benki. Kimbia.

Sasa swali ambalo hakuna aliyeliuliza: hospitali yako inalipia masomo ya wafanyakazi? Mwajiri anaweza kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi, na hospitali kubwa nyingi zina mpango huo. Nenda ofisi ya rasilimali watu kabla ya kwenda chuo. Na kama hospitali si ya kibiashara, kazi yako inahesabika kwenye ule msamaha wa mikopo wa watumishi wa umma, malipo 120 kisha kinachobaki kinafutwa. Huhitaji kuwa FEMA kuupata.

Shangazi Kaunti

Mchumi kanikaribisha nilipotaka kufika. Nianze na Monterey nimalizie haraka.

Masta inayoheshimika kuliko zote kwenye fani hii haiuzwi. Iko Naval Postgraduate School, chuo cha uzamili cha jeshi la majini, Monterey, California, kwenye kituo chao cha usalama wa ndani kilichoanza 2002. Miezi 18, unahudhuria darasani wiki mbili kila robo mwaka na mengine mtandaoni, ada hulipi, mwisho unaandika tasnifu. Ila wanachukua maofisa waliomo kazini tayari kwenye serikali za mitaa, za majimbo, za makabila ya wenyeji asilia na serikali kuu. Zima moto, polisi, afya ya umma, watu wa kaunti kama sisi. Kwa hiyo kuna watu wanakopa kununua masta ya mitaani, wanapata kazi ya kaunti, halafu wanagundua kwamba kazi ileile ingewafungulia Monterey bila senti. Tasnifu za wahitimu wao ziko wazi kwenye hazina ya chuo iitwayo Calhoun. Kabla ya kulipa popote, soma mbili tatu. Zikikuchosha kufikia ukurasa wa thelathini, fani hii si yako na umejua bure.

Sasa hospitali. Mlinzi, umesema umeitamani ile ofisi ya watu wawili, kisha sentensi chache mbele ukaandika lengo ni FEMA. Mbona umehama? Mwaka 2016 CMS, wanaosimamia Medicare na Medicaid, zile bima za afya za serikali, walitoa kanuni ya maandalizi ya dharura, na kuanzia Novemba 2017 hospitali inayotaka pesa hizo lazima iwe na tathmini ya hatari, mpango wa dharura, mpango wa mawasiliano, na mafunzo na mazoezi, kwa hospitali mara mbili kwa mwaka. Mazoezi uliyoshiriki wewe yanatokana na kanuni kama hiyo. Hakuna hospitali inayoamka asubuhi ikafuta nafasi hiyo kirahisi, na wengi hawaulizi uraia, wanauliza kibali halali cha kufanya kazi. Green card inatosha.

Linganisha na serikali kuu ya sasa. Januari 2025 ajira mpya zilisitishwa, FEMA ikapoteza watu, CISA, shirika la usalama wa mtandao, ikapoteza sehemu kubwa zaidi ya watu wake, na upande uliofunguliwa milango ni ICE. Mambo ya Washington hubadilika, yatabadilika tena. Lakini mtu anayechagua chuo leo kwa kutazama meza ya FEMA anacheza na kitu ambacho hata waliokikalia hawana uhakika nacho.

Kijana wa Saiba

Mimi naona mnamzungusha. Asome usalama wa mtandao, basi. Pesa iko huko. Kuna ufadhili wa CyberCorps unaolipa ada yote na posho juu, na wenye green card wanaruhusiwa kuomba, sharti ni kuitumikia serikali baadaye.

Mchumi wa Boksi

Kijana, huo ufadhili ni mzuri na sharti lake ndilo tatizo. Ukishindwa kupata kazi ya serikali ndani ya muda, ufadhili unaweza kugeuka mkopo, na wahitimu wake walikutana na kusitishwa kwa ajira za 2025 ana kwa ana. Isitoshe, huyu ana sosholojia na amependa kazi ya kupanga watu. Usimpeleke kwenye seva kwa sababu ya mshahara.

Kijana wa Saiba

Sawa, lakini angalau achukue somo moja au mawili ya huko. Hospitali zinafungiwa mifumo na wahalifu wa mtandaoni kila uchao, na siku mfumo umefungwa anayeitwa ni huyohuyo mtu wa dharura.

Shangazi Kaunti

Hapo nakuunga mkono moja kwa moja.

Mpwa wa Moro

Wakuu wa huko, mimi niko Morogoro, nina digrii ya sheria. Hizi masta za mtandaoni naweza kuzisomea hapahapa, halafu chuo kinipe I-20, ile fomu ya kuombea viza, nije?

Sajini wa Kisauni

Hapana. Viza ya F-1, ya mwanafunzi, inataka uhudhurie darasani. Somo la mtandaoni linalohesabika kwenye mzigo wako wa muhula ni moja tu. Programu ya mtandaoni yote haikupi I-20. Ukija kwa darasa, angalia namba ya CIP ya programu, ile ya kuainisha fani, kabla ya kuomba, maana ndiyo inayoamua kama baada ya masomo utapata mwaka mmoja wa kufanya kazi au utaongezewa miezi 24 ya fani za sayansi. Digrii ya sera na digrii ya usalama wa mtandao zinaweza kukaa jengo moja na namba zikawa tofauti.

Binti wa Iringa, Boston

Nami nimwambie Mpwa kwa upole: nusu ya masomo haya ni sheria na mifumo ya Marekani. Sheria ya Stafford haitakusaidia Kilosa mto ukifurika. Ukitaka kufanya kazi nyumbani, Chuo Kikuu cha Ardhi wana kituo cha mafunzo ya menejimenti ya maafa, na Masinde Muliro kule Kakamega wana skuli nzima ya maafa na misaada ya kibinadamu. Tanzania ina Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022, mwanasheria anayeijua hiyo barabara ana soko. Kama moyo uko nje, omba Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, unasoma darasani na unalipiwa, ila ujue viza yake ina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili.

Mpwa wa Moro

Shukrani. Ardhi sikuwa nimewafikiria kabisa.

Mlinzi wa Zamu

Narudisha mrejesho, wakuu.

Nimekwenda rasilimali watu. Mpango wa kulipia masomo upo, unalipwa ukishafaulu somo, na sharti ni kubaki kazini kwa muda baada ya kumaliza. Yule bosi wa ile ofisi ya dharura nimeongea naye pia. Yeye masta yake ni ya afya ya umma, na mwenzake alitoka zima moto. Homeland Security hakuna hata mmoja. Amesema anataka mtu wa usiku wa kumsaidia kuandika ripoti baada ya mazoezi, maana usiku hana macho. Sina nyongeza ya mshahara kwa hilo ila nimekubali.

Chuo cha kibiashara niliwauliza kuhusu kuhamisha krediti kwa maandishi. Wamenipigia simu mara nyingi, kwa maandishi hawajajibu. Hicho nimekifuta. Kile chenye jina nimesoma masomo yao. Mazuri ni matano, mengine ni ile mitaala ya Shangazi. Naelekea MPA ya jioni, masomo mawili kwa muhula ili posho ya mwajiri itoshe sehemu kubwa, na nitaongeza somo la usalama wa mtandao. Uraia unaendelea sambamba, na la kiwanja natafuta mwanasheria Kibaha.

Shangazi, vile vyeti vya FEMA na CEM vina maana yoyote kwa mtu kama mimi?

Shangazi Kaunti

Vina maana. Anza na kozi fupi za IS-100, IS-200, IS-700 na IS-800 za FEMA. Ni za mtandaoni, bure, unajisajili upate namba ya mwanafunzi. Kwenye usaili hatukusifu kwa kuwa navyo, tunakushangaa usipokuwa navyo. CEM ni ya chama cha kimataifa cha mameneja wa dharura, IAEM. Hiyo ni ya baadaye: inataka uzoefu, saa 100 za mafunzo ya menejimenti ya maafa na 100 za menejimenti ya jumla, pamoja na mtihani. Tunza kila cheti kuanzia sasa, na zile ripoti za mazoezi utakazoandika usiku, muombe bosi aweke jina lako kwenye ukurasa wa waandaaji.

Mama Pacha, Dallas

Samahani jamani, mimi ni CNA, msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee, sina masta wala siitaki. Hizo IS-100 na mimi naruhusiwa, au ni za walinzi na serikali?

Shangazi Kaunti

Unaruhusiwa, mama. Na nyumba za wazee zimo kwenye kanuni ileile ya CMS. Ukimaliza IS-100 mwulize msimamizi wako mpango wa kuhamisha wazee wakati wa mafuriko uko faili gani. Kama naye hajui, njoo inbox tuongee.